Kuupita mwanga mbio si suala la injini

Ubishi wa kwa kinyozi pale Kondele, Kisumu, hauna breki. Juzi ulianza na Gor Mahia, ukaishia kwenye mwanga. Jamaa mmoja, nusu ya kichwa imeshanyolewa, alishikilia kwamba siku ikipatikana injini kubwa ya kutosha, tutaupita mwanga. Mimi sikubali.

Kwenye ombwe, yaani mahali patupu pasipo hata hewa, mwanga hukimbia kilomita 299,792 kwa sekunde. Kitu chenye uzito kikikaribia kasi hiyo, kila nyongeza ndogo hudai nishati nyingi zaidi, na kukifikisha pale kunahitaji nishati isiyo na kikomo. Lakini hata hilo naliona dogo.

Balaa lenyewe ni mfuatano wa mambo. Kwa hesabu za Einstein za 1905, ujumbe ukiupita mwanga, wapo wasafiri ambao kwao utakuwa umefika kabla ya kutumwa. Sasa wewe pokea shilingi mia tano za shemeji wa Nakuru kwa njia hiyo. Unazitoa kwa ajenti, unakula samaki aina ya ngege pale Dunga, kisha unamjibu kwa njia ileile: usitume. Mitambo ikiwa kwenye mwendo unaofaa, jibu lako linamkuta hata hajabonyeza namba ya siri. Akikusikiliza, ngege umemla kwa pesa gani?

Ndiyo maana wanafizikia walishtuka 2011, nyutrino (chembe ndogo mno) kutoka CERN, maabara ya fizikia kule Uswisi, zilipoonekana kufika Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, nanosekunde 60 (sehemu 60 za bilioni za sekunde) mapema kuliko mwanga. Watafiti wenyewe waliomba wenzao wawakague (wanasiasa wetu wangejaribu hiyo!). Mwaka uliofuata, mchawi akajulikana: kebo iliyokuwa haijakazwa vizuri.

Ila majini mambo ni tofauti. Humo kasi ya mwanga hushuka hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na elektroni (chembe ndogo ya atomu) yenye nguvu huupita bila kuvunja sheria yoyote, maana kikomo ni ile kasi ya kwenye ombwe. Ikiupita, maji hutoa mwanga wa buluu. Mwanafizikia Pavel Cherenkov aliuchunguza 1934, ukampa tuzo ya Nobel 1958 pamoja na wenzake wawili. Huonekana kwenye madimbwi ya vinu vya nyuklia. Na kwa kuwa Siaya imekuwa ikitajwa kwenye mipango ya kinu cha nyuklia, ombi langu ni moja: kikijengwa, wanafunzi wa huku wawe wa kwanza kupelekwa kuuona.