Fizikia haitupwi kwa kuhamia kwenye data

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anadai kwamba mwanafizikia anayeacha chuo kikuu na kuingia katika sayansi ya data, yaani kuchambua data nyingi kwa hesabu na kompyuta, anaitupa elimu yake, dai ambalo sikubaliani nalo. Jonathan Goldman, mwenye shahada ya uzamivu ya fizikia kutoka Stanford, alijiunga na LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi na taaluma, mwaka 2006, na ndiye aliyebuni kipengele kinachompendekezea mtumiaji watu ambao huenda anawafahamu, akiamini kwamba watu wawili wenye rafiki mmoja aghalabu hujuana. Kutafuta ishara hafifu ndani ya kelele nyingi ndiyo kazi ya CERN pia, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ambako makundi ya protoni hupishana mara milioni 40 kwa sekunde na takriban kumbukumbu zote za migongano hiyo hutupwa papo hapo, hali iliyowalazimu watafiti kutumia ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta inayojifunza kutokana na data, hata kabla ugunduzi wa chembe ya msingi iitwayo Higgs haujatangazwa Julai 2012. Hesabu, basi, haimsumbui mwanafizikia anayehamia kwenye data. Kinachomkera, na hapa namuunga mkono mwandishi huyo, ni kuambiwa na meneja kwamba makadirio ya leo yana thamani kuliko jibu kamili la mwezi ujao.