Presha imepimwa, miguu je?

Siku ya kliniki ya presha na sukari, bibi wa miaka 72 anakaa kwenye benchi tangu asubuhi, anavalishwa kipimo mkononi, anaandikiwa 148/86, anapewa dawa za mwezi na tarehe ya kurudi. Kama ameinuka kwenye benchi lile kwa kushikwa makwapa na mjukuu, hakuna anayeandika. Tunaweza kumfuatilia mtu presha miaka kumi bila kujua ni lini hasa aliacha kwenda chooni peke yake. Naona hilo ni kosa la uuguzi, na wala si la ukosefu wa vifaa.

Kupima miguu kunahitaji kiti na simu yenye saa. Kiti kiwe kigumu, kisicho na mikono, urefu wa sentimita 43 hivi, kiegemee ukuta kisiteleze. Mzee akae katikati, nyayo zikanyage chini, mikono aikunje kifuani, kisha asimame wima na kukaa, mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10, au mwanaume wa rika hilo asiyefikisha 12, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Akijisukuma kwa mikono, anapata sifuri. Hapa ndipo huruma inapotuponza, tunamwandikia nane kwa kuwa "amejitahidi", na mwezi ujao hatuna cha kulinganisha.

Presha yenyewe tunaipima nusu. Mzee anayeona kizunguzungu alazwe dakika tano, apimwe, asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, usikimbilie kumwongezea dawa kwa sababu alipokuwa amekaa ilionekana kubwa. Huyo ndiye anayeanguka alfajiri akienda kukojoa. Mwambie akae ukingoni mwa kitanda kwanza, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame. Na daktari aangalie upya dozi zake.

Nyumbani, adui mkubwa ni neno "pumzika". Watoto wanampenda, kwa hiyo wanampokonya ufagio, wanamletea maji ya kunawa kitini, wanamlisha. Misuli ya mzee haina subira na mapenzi ya namna hiyo: siku kumi za kulala tu kitandani zinatosha kumwondolea sehemu inayoonekana ya nyama za mapaja, na kuirudisha ni kazi ya miezi. Mwache achambue mchele, aanike nguo, atembee hadi kwa jirani. Asimame na kukaa mara tano kabla ya kila mlo. Akiweza bila kuhema, ziwe nane. Kabla ya yote muulize yeye anataka kuweza nini. Mmoja atasema kusujudu na kuinuka mwenyewe, mwingine kupanda daladala bila kusukumwa. Zoezi linalolenga hapo hulifanya bila kukumbushwa.

Chakula ndicho kinachosahaulika. Chai ya rangi na mkate asubuhi, uji mchana, wali kidogo usiku: tumbo limeshiba, misuli haina kitu. Mzee mwenye figo nzima anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mtu wa kilo 60. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Dagaa wakavu waliosagwa vizuri huingia kwenye uji au mchuzi bila kumsumbua asiye na meno. Na wengi hawanywi maji makusudi, kwa kuogopa choo cha nje usiku. Ukimhimiza anywe bila kumwekea taa, cha kushika ukutani, au ndoo chumbani, umempa maneno tu.

Piriton ya mafua, inayonunuliwa duka la dawa kama pipi, humchanganya mzee akili, humfunga choo na mkojo. Diklofenaki ya magoti hupandisha presha ileile tunayohangaika nayo na kuumiza figo. Kila ziara, mwombe alete mfuko mzima wa dawa, na za miti shamba. Mzee aliyekuwa sawa jana na leo hajui yuko wapi hajazeeka usiku mmoja: tafuta malaria, nimonia, mkojo mchafu, upungufu wa maji au dawa mpya, siku hiyohiyo.

Halafu fimbo. Nyingi ni za urithi, zilikatwa kwa kimo cha marehemu. Mzee asimame na viatu vyake, mkono uning'inie. Mshikio ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Aishike upande wa mguu mzima, si ule unaouma, na isogee pamoja na mguu unaouma. Raba ya chini ikilika ibadilishwe. Fimbo isiyo na raba juu ya sakafu ya vigae ni hatari kuliko kukosa fimbo.