Wati tano na mwanzi mmoja ufukweni Msimbati

Jioni moja kule Msimbati, Mtwara, nilisimika mwanzi mrefu pale maji yanapoishia, nikaufunga waya wa mita tano kuelekea juu, nikatandaza nyaya nyingine nne mchangani, kisha nikakaa mlangoni mwa hema na redio ya ridhaa, ile ya kuwasiliana na watu wa mbali kwa kujifurahisha na kujifunza, niliyoiunda mwenyewe. Umeme ulitoka kwenye betri ya pikipiki. Redio yenyewe hutoa wati tano. Balbu nyingi za nyumbani hula zaidi ya hapo.

Jua halijazama nikajibiwa na mtu wa Italia, kwa Morse, yaani herufi za milio mifupi na mirefu, kwenye masafa ya mita 20, ambako wimbi moja lina urefu wa kama mita 20. Alinisikia kwa mbali, akaniomba nirudie jina mara mbili, ila alinipata. Mzee mmoja aliyekuwa akikusanya nyavu akaniuliza, "Mwanangu, mnara wake uko wapi?" Nikamwonyesha mwanzi, nikamwambia, "Mwingine uko juu, babu."

Ndivyo ilivyo. Zaidi ya kilomita 200 juu yetu kuna tabaka la hewa ambalo jua hulitia chaji, nalo huyarudisha mawimbi duniani mbali kabisa na yalikotoka. Maji ya chumvi nayo husaidia antena iliyosimama kurusha mawimbi chinichini kwenye upeo wa macho, na huko ndiko safari ndefu huanzia. Ufukwe wetu wote huu ni antena nusu tayari!

Wapo wanaoshikilia kwamba bila wati 100 hufiki popote. Sikubali. Ukishuka kutoka wati 100 hadi tano unapoteza desibeli 13, yaani hatua mbili na kidogo tu kwenye kipimo cha redio ya anayekusikiliza. Mwenye fedha kidogo aziweke kwenye waya na mahali pa kuutundika.

Na aunde mwenyewe. Koili yangu ya kwanza, ile ya kupanga masafa ya redio, niliisokota kwa waya wa transfoma mbovu, na kila joto la mchana lilipopanda masafa yalihama, nikawa nawapoteza watu katikati ya mazungumzo. Wiki tatu nilihangaika nayo. Nilipoweka kristali, kipande kinachozuia masafa yasihame, ikatulia, na tangu hapo redio ikileta shida porini najua pa kugusa.

Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, na siku chache baadaye nyaya za baharini zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Redio kama hii haihitaji barabara wala nyaya hizo. Mafundi simu wetu wa Mtwara na Lindi wana mikono ya kazi hii. Wachukue leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wapate jina la kituo linaloanza na 5H, waanze kulehemu.

Safari ijayo naenda Rondo, kwenye miinuko ya Lindi. Huko hakuna bahari, ila miti ni mirefu, na waya wa mita 20 kwa ajili ya usiku, masafa ya mita 40, nimeshaukata.