Ukuta wa kioo unaotazama magharibi

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu, anayesomea usanifu majengo hapo Dar, alinitumia mchoro kwa WhatsApp. "Shikamoo shangazi. Ndiyo kazi yangu ya mwaka wa mwisho: kituo cha sanaa za maonyesho cha chuo kikuu, kisichokula umeme. Hebu niambie kama kinafanana na vya huko Ulaya."

Marahaba, nikafungua. Ukuta mzima wa kioo, kutoka sakafuni hadi darini, umetazama magharibi. Juu ya paa, sola.

"Kinafanana," nikamjibu. "Ndiyo shida yake."

Mimi ni fundi wa taa za jukwaani hapa Manchester, mwaka wa tisa huu. Nyumbani wengi hudhani huku kila kitu ni mashine. Kuna ukumbi unaitwa Contact, jirani kabisa na chuo kikuu, uliojengwa upya na kufunguliwa 1999. Siku ya kwanza kuingia kama mtazamaji kilichonishangaza ni ukimya. Hewa inaingia kwa chini, watu wanaipasha joto, inapanda na kutokea kwenye minara mikubwa iliyosimama juu ya paa kama dohani. Mtu aliyekaa tu hutoa joto la kama wati 100. Weka watu 400, ni sawa na pasi 40 zimewashwa kwa pamoja. Mbunifu wake, Alan Short, aliliachia joto hilohilo lifanye kazi ya kuvuta hewa.

Lakini ukiing'oa minara ile ukaisimika Mlimani, chuo kikuu cha Dar, utakuwa umejenga mapambo. Inavuta kwa sababu nje ni baridi na ndani ni joto. Usiku wa Februari Dar, nje na ndani ni ndugu, na unyevu juu yake.

Dar ina kitu ambacho Manchester haina: jua na upepo vilivyokubaliana. Mchana jua liko utosini. Linaloumiza ni la asubuhi kutoka mashariki na la jioni kutoka magharibi, linaloingia kwa ubavu ambapo hakuna upenu unaolizuia. Basi lilaze jengo refu kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta za vichwani uzizibe, kuta ndefu uzifungue. Zitatazama kaskazini na kusini. Na pepo zetu zinatoka wapi? Kaskazi inapokuja, upande mmoja unaipokea. Kusi ikishika zamu, upande wa pili. Mabaharia wa pwani waliishi kwa hesabu hiyo. Hata mbunifu wetu Beda Amuli alipochora Soko la Kariakoo aliliezeka miamvuli ya zege, chini wazi, hewa ipite na maji ya mvua yakusanywe.

Mwanangu akaniambia amepanga kuta nene za zege "zitunze ubaridi". Huku sawa. Dar, ukuta mnene uliopigwa na jua mchana kutwa unaanza kutema joto saa moja jioni, wakati ndiyo kwanza watazamaji wanakaa.

Wapo watakaosema bwawa la Rufiji lina megawati 2,115, umeme upo, tunabana nini? Nawaelewa, mgao ulitutesa. Ila mita ya luku haijali umeme umetoka wapi. Niliwahi kutazama igizo la wanafunzi kwenye ukumbi mmoja nyumbani, siutaji. Viyoyozi viliunguruma mpaka waigizaji wakawa wanapiga kelele badala ya kusema. Vikazimwa ili wasikike. Nusu saa baadaye tulikuwa kama daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Na siku za kawaida ukumbi ule hufungwa kufuli kwa sababu kuuwasha ni gharama, unangoja mgeni rasmi. Wanafunzi wanafanyia mazoezi chini ya mwembe. Kwangu mimi hapo ndipo hoja ya nishati ilipo: ukumbi usiokula umeme ni ukumbi unaoachwa wazi Jumanne mchana.

(Nisijifanye niko peponi. Ukumbi ninaofanyia kazi ni wa zamani, na Januari tunafunga taa tukiwa na makoti.)

Kwa hiyo nilimshauri: jukwaa kuu liwe la kuta zinazofunguka, feni kubwa za taratibu darini, taa za LED pekee, kiyoyozi kibaki kwenye chumba cha mitambo na studio ndogo ya kurekodia. Sola iendeshe mazoezi ya mchana. Usiku itahitaji betri, na betri ni pesa.

Jana akarudi na mchoro mpya. Kioo kimeondoka, jengo limegeuzwa. Chini ameandika: "Shangazi, na mvua ya masika ikipiga bati katikati ya onyesho?"

Nimemwambia aweke paa mbili, bati juu, dari ya mbao chini, katikati nafasi yenye kitu cha kunyonya sauti. Itapunguza. Mvua yenyewe ya Aprili naijua, kwa hiyo nimemwambia pia awaombe wenye ratiba maonyesho makubwa yaanze Juni.