Pengo la Gego Nalo Lina Hesabu Yake

Jino la mbele likitoka, mwenyewe hatulii mpaka apate la bandia. Gego likitoka, anahamia upande wa pili kutafuna na maisha yanaendelea. Hapa Tanzania kung'oa ndiyo tiba ya meno inayotolewa zaidi katika vituo vya umma. Mgonjwa huondoka ameng'ata pamba, ana dawa za maumivu na ameelekezwa kusukutua kwa maji ya chumvi. Habari ya pengo haiguswi. Wengi basi wameamini kwamba kurudisha meno ni urembo wa wenye fedha, na daktari akiligusia wanamshuku kuwa anatafuta hela.

Shaka hiyo haitoki hewani. Mwaka 1981 Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alionyesha kwamba aliyepoteza magego ya nyuma anaweza kuishi vizuri bila kuyarudisha, mradi meno ya mbele na magego madogo, yale yanayofuata chonge, yamebaki. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 1992 liliweka lengo la mtu kubaki na meno yasiyopungua 20 maisha yake yote bila kuhitaji ya bandia. Tukumbuke pia kwamba tiba yenyewe ina madhara. Daraja la kawaida, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya pande zote mbili, hudai kuchongwa kwa meno mawili mazima yanayopakana na pengo. Meno ya kuvaa na kuvua yasiyokaa sawa huchubua fizi na kushika uchafu, na mzee anayelala nayo hujiongezea hatari ya nimonia. Hata ule usemi kwamba meno jirani yatalala yote pengoni hutiwa chumvi, kwani mara nyingi husogea kidogo tu.

Ningeishia hapo kama ushahidi wenyewe ungeishia hapo. Watafiti wa Tanzania na Uholanzi waliwapima Watanzania wenye mapengo ya nyuma na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Waliobakiwa na magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa walitafuna vizuri. Waliobaki na jozi mbili za magego madogo au chini ya hapo walipata shida kubwa. Angalia kinachohesabiwa: jozi. Gego lisilo na mwenzake wa kukutana naye ni mchi usio na kinu. Mtu anaweza kuwa na meno 20 kinywani, ya juu huku na ya chini kule, na bado akashindwa mahindi ya kuchoma.

Tena kuna jambo ambalo wanaosema "tusubiri kwanza" hawaliweki kwenye mizani, nalo ni mfupa. Utafiti mwingine wa mwaka 2003, huu wa Denmark, ulipima taya baada ya kung'olewa magego. Ndani ya miezi 12 upana wa ukingo wa mfupa ulipungua kwa nusu, kutoka takriban milimita 12 hadi 6, na theluthi mbili za hasara hiyo zilitokea katika miezi 3 ya mwanzo. Miezi mitatu! Ni muda ambao mgonjwa bado anafurahia kwamba maumivu yameisha. Mfupa unaoshika jino huishi kwa kazi ya jino. Mzizi ukiondoka, mwili huuyeyusha. Anayekuja baada ya miaka mitano akitaka kipandikizi, yaani skrubu inayopandwa mfupani kubeba jino la bandia, anaweza kuambiwa hakuna pa kukishikiza mpaka aongezewe mfupa, na gharama inapanda.

Anayekuja akiwa kibogoyo ana hali ngumu zaidi. Tangu 1972 inajulikana, kutokana na watu waliofuatiliwa kwa miaka 25, kwamba taya la chini huisha karibu mara nne kuliko la juu. Ndiyo sababu wazee wengi huvaa meno ya bandia ya juu tu, yale ya chini wakayaacha kabatini: hayana ukingo wa kukalia. Meno ya kuvaa na kuvua hayazuii hasara hiyo. Kipandikizi hupunguza, lakini bei yake iko mbali na mifuko ya wengi.

Kuhusu mwili mzima nitasema kwa kiasi. Uhusiano wa mapengo na maradhi ya moyo upo katika takwimu, ila sigara, umaskini na ugonjwa wa fizi vimo humo humo, kwa hiyo asiyeahidi kwamba meno ya bandia yataponya moyo anasema kweli. Lishe ndiyo ninayoihofia. Asiyeweza kutafuna huacha karanga, nyama, matunda magumu na mboga mbichi, akabaki na uji, mkate na chai ya sukari. Kwa mwenye kisukari hilo si dogo. Tena meno mapya peke yake hayarudishi mboga sahanini. Mtu aliyezoea vyakula laini kwa miaka anahitaji pia kushauriwa namna ya kula.

Kwa hiyo simtetei anayetaka kila pengo lizibwe. Aliyepoteza gego moja la mwisho na ana jozi za kutosha pande zote mbili, fedha zake azitumie kuyatibu yaliyobaki. Ninachopinga ni uamuzi huo kufanywa na ukimya. Kuhesabu jozi hakuhitaji mashine. Kunahitaji kioo, mwanga na dakika chache, na mganga wa meno wa kituo cha afya anaweza kuifanya hesabu hiyo kabla hajashika koleo, akamweleza mgonjwa zitabaki ngapi, jino hili lingeweza kuokolewa kwa kuzibwa au la, na arudi lini kabla mfupa haujaondoka.