Sifuri nukta moja tu, jamani!

Hivi kugeuza 0.1 kuwa maandishi kwenye lugha ya programu ya C kunahitaji roho ya paka? Ukitumia %f, alama ya kuiambia C iandike desimali, unapewa 0.100000, masifuri ambayo hakuna aliyeyaomba. Ukiitupia 0.0000001 inakujibu 0.000000, yaani namba yako imeyeyuka kimyakimya! Haya, unahamia %.17g, yaani tarakimu 17, ili namba irudi vilevile ukiisoma tena, nayo inakutemea 0.10000000000000001. Najua, najua: 0.1 haikai sawasawa kwenye sifuri na moja za kompyuta. Lakini lugha nyingine siku hizi zinatafuta zenyewe tarakimu chache zinazotosha, zinaandika 0.1, mambo yanaisha. C inakuachia ubahatishe: tarakimu 15? 16? 17?

Na bafa je, ile nafasi ya kumbukumbu ya kuwekea hayo maandishi? Nilitenga nafasi ya herufi 32 nikajiona mwerevu. Kumbe double (aina ya namba za desimali kwenye C) kubwa kabisa ikiandikwa kwa %f ina tarakimu 309 kabla hata ya nukta, na sprintf, amri inayoandika namba ndani ya bafa, haiulizi nafasi, inamwaga tu hadi nje. Sasa naandika snprintf, ambayo unaipa kikomo cha nafasi, tena naangalia inachorudisha: urefu uliohitajika.

Halafu mtu anaita setlocale, amri ya kubadili desturi za uandishi za nchi, huko mbali kwenye programu, nukta inageuka mkato, faili langu la CSV, ambalo mkato ndio hutenganisha safu, linavurugika safu zote. Kwa nukta moja!