Unatumenya, unotimenya, gvprtskvni

Wiki iliyopita nilikaa kwenye semina ya wafasiri, na mpaka leo moyo haujatulia. Mtoa mada alituonyesha ukutani neno moja la Kigeorgia: gvprtskvni. Konsonanti nane zimesongamana, irabu moja tu mwishoni. Maana yake, akasema, ni "unatumenya", kama mtu amenyavyo chungwa. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hii, akatuambia, ndiyo lugha yenye kina. Kisha ikaja ramani ya kusini mwa Afrika, na juu ya Zimbabwe ameandika: Kishona, lugha nyepesi, inasomeka kama inavyoandikwa. Akapita.

Nimeishi Harare miaka miwili. Kabla ya hapo nililala chumba kimoja cha hosteli, mwaka mzima, na binti wa Kutaisi, mji wa Georgia, aliyekuwa akinifundisha Kigeorgia usiku baada ya kuosha vyombo. Lugha zote mbili nazipenda, na ndiyo maana nimeumia.

Tulichukue neno lenyewe tulifungue. Gv- mwanzoni ni "sisi", tunaomenywa. Katikati mna mzizi wa kumenya. Ile -i inakifunga kitenzi cha wakati huu. "Wewe" hana alama yoyote. Unamjua kwa sababu hakuna mwingine aliyetajwa. Sasa kwa Kishona: unotimenya. U- ni wewe, -no- ni wakati, -ti- ni sisi, halafu -menya. Ndiyo, kumenya kulekule. Mama wa Mbare, mtaa wa Harare, akishika kisu na kiazi anasema neno lilelile analosema mama wa Manzese. Kilichopigiwa makofi ukumbini, yaani mtenda na mtendwa kukaa pamoja ndani ya kitenzi kimoja, sisi tunakifanya tangu hatujaota meno. Hakuna aliyetuambia kwamba ni maajabu, na sasa tunapiga makofi tukikiona kwa jirani wa mbali.

Nisieleweke vibaya. Namna Wageorgia wanavyolifanya jambo hili ni tofauti, na utofauti huo ndio nilitamani uzungumzwe. Katika Kishona, kama Kiswahili, kila mmoja ana kiti chake. Ndinokuda, ninakupenda: ndi- kwa ni-, -no- kwa -na-, -ku- kwa -ku-, kisha mzizi. Unaweza kuziweka sentensi hizo mbili juu na chini kwenye karatasi na kila kipande kikaangukia chini ya mwenzake. Kigeorgia kina kiti kimoja tu mbele ya mzizi, na wanaokigombea ni wengi. Vkhedav ni "namwona", v- ni mimi. Mkhedav ni "unaniona", m- ni mimi tena, sasa nikiwa ndiye ninayeonwa. "Nakuona" inahitaji mimi na wewe pamoja, lakini nafasi ni moja, kwa hiyo v- inaondoka, g- ya "wewe" inakaa: gkhedav. Mimi nimo ndani bila kuandikwa. Usiku ule binti wa Kutaisi aliponieleza hilo sikulala mapema. Nilijaza kurasa mbili za daftari na vitenzi.

Halafu kuna miqvarkhar, "nakupenda". Hapo ninayependa siye mtenda. M- ni "kwangu", -khar ni "wewe u". Mpendwa ndiye anayetawala kitenzi, mimi jambo limenijia tu. Mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji sura nzima ya kitabu cha sarufi kuelewa hapo. Mswahili anahitaji neno moja: wanipendeza. Wewe mtenda, mimi mtendwa, na hisia ni zangu. Ndivyo pia anavyosema mwenye njaa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia: mshia, neno moja, m- ikiwa ni mimi niliyeshikwa, kama sisi tusemavyo njaa inaniuma. Nilipomweleza mwenzangu "njaa inaniuma" alinishika mkono. Alisema miaka yote watu wa Ulaya aliokutana nao humwambia lugha yake imepinda.

Hapa ndipo ninaposimama. Ugumu unaosifiwa kwenye semina hizi unapimwa kwa umbali kutoka Kiingereza, na hata kwa kipimo hicho Kishona kinanyimwa haki yake. Kinasomeka kama kinavyoandikwa? Kishona kina toni, ya juu na ya chini, na maandishi ya kawaida hayazionyeshi kabisa. Msomaji anazibeba kichwani. Kina b mbili: ile ya badza, jembe, inayovutwa ndani kama b ya "baba" kwa watu wa pwani, na ile ya bhazi, basi, inayotoka na pumzi nzito. Na kina sauti za mluzi, sv na zv, ambazo ni lugha chache mno duniani zilizo nazo. Midomo inakaza, ulimi unakaa kama wa s, na hewa inapita ikipiga filimbi nyembamba ndani ya neno. Kufika kwetu ni kusvika kwao. Fimbo ni tsvimbo. Vitu ni zvinhu. Pale sisi tunapopuliza f na v, wao wanapiga mluzi. Mwanaisimu Clement Doke aliposimamia mradi wa kuunganisha lahaja za Kishona kwenye maandishi, mwaka 1931, aliona sauti hizi zinastahili herufi zake za pekee, s na z zenye mkia. Mwaka 1955 herufi hizo zikaondolewa na kubaki hizi za kawaida. Nikiiona sv kwenye kibao cha barabarani, naiona na ile herufi iliyofutwa.

Alfabeti, sawa, nakubali. Kigeorgia kina herufi zake 33, ni nzuri, na maandishi yake yapo tangu karne ya 5. Watu wake walijaa barabarani Tbilisi tarehe 14 Aprili 1978, wakati wa Muungano wa Kisovieti, Moscow ilipotaka kuiondolea lugha yao hadhi ya kikatiba, na Moscow ikarudi nyuma. Heshima yao waliipigania. Lakini heshima hiyo haihitaji Kishona kiitwe chepesi.

Na wepesi huo sijauona popote. Asubuhi yangu ya kwanza Mbare Musika nilimsalimia mama muuza mboga kwa Kishona cha kitabuni. Mangwanani. Akajibu mangwanani, akaongeza: marara here? Umelala? Lakini kwa umbo la wengi, ma-, kwa sababu ndivyo mtu anavyoheshimiwa, hata mgeni aliyekuja kununua fungu moja la muriwo. Nikajibu ndarara, nimelala, nikanyoosha mkono kuchukua mboga. Hakunipa. Alisubiri, mkono wake bado juu ya fungu, mpaka jirani yake akaninong'oneza sehemu iliyobaki: ndarara kana mararawo. Nimelala ikiwa nanyi mmelala. Nilipoisema, akasema "mwanangu", kama vile angesema bibi yangu Muheza, akaniongezea na nyanya mbili.

Kigeorgia nacho huheshimu kwa wingi. Gmadlob ni asante kwa rafiki, gmadlobt kwa mkubwa. Sikuhitaji kufundishwa mara mbili.

Kitu pekee kilichonichanganya hosteli kilikuwa simu. Kila Jumapili mwenzangu alipokea, akaita "Mama!" kwa furaha, na upande wa pili ikajibu sauti nzito ya mwanamume. Kwao neno "mama" maana yake ni baba, na mama mzazi huitwa deda. Lugha ya mama wanaiita deda ena. Washona wanasema rurimi rwaamai, ulimi wa mama.

Juzi, baada ya semina, nilimtumia mwenzangu huyo ujumbe wa sauti: unotimenya. Akauliza, "sisi" yuko wapi hapo? Nikamjibu, ni ti. Akanyamaza kidogo, kisha akanirudishia gvprtskvni, polepole, na baada yake akajaribu zvinhu. Mara tatu ilitoka z kavu. Nikamwambia akaze midomo. Ya nne ilikuja na mluzi.